M87 ni kubwa kwa sababu imekaa katikati, au imekaa katikati kwa sababu ni kubwa?

Swali hili limetoka kwa mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari mkoani Kigoma. Wanafunzi wake wa kidato cha tano waliiona ile picha ya pete ya moto inayozunguka shimo jeusi la galaksi ya M87, kisha wakasoma kwamba galaksi hiyo ni jitu lililokaa katikati ya kundi la galaksi za Mashuke (Virgo). Mmoja akauliza: ni kubwa kwa sababu ipo katikati, au ipo katikati kwa sababu ni kubwa? Mwingine akataka kujua mbona haina mikono kama galaksi yetu. Mwalimu mwenyewe ameongeza la tatu: shule ina darubini ya kioo cha sentimita 20, je, itaionyesha?

Mwalimu mwenzangu,

Mpongeze huyo mwanafunzi wa kwanza, maana swali lake limegusa kiini cha elimu yote ya makundi ya galaksi. Jibu langu ni kwamba ukubwa wa M87 na mahali ilipo vimekua pamoja, na kimoja hakielezeki bila kingine. Fikiria delta ya Rufiji. Ni pana kwa sababu ipo pale mto unapomaliza safari, na udongo ulioijenga umeteremshwa na mto huohuo kutoka bara. Hakuna aliyeichukua delta kwingine akaja kuiweka pale. M87 nayo imejengwa na vitu vilivyoteremkia kwenye kitovu cha kundi kwa mabilioni ya miaka, na bado vinateremka.

Lakini wanafunzi wa kidato cha tano hawataridhika na mfano tu, na wana haki. Twende kwenye ushahidi.

Mfaransa Charles Messier, aliyekuwa akisaka nyotamkia, usiku wa tarehe 18 Machi 1781 aliandika kwenye orodha yake mawingu manane hafifu yaliyosongamana upande mmoja wa anga, kwenye kundinyota la Mashuke na mpakani mwake. M87 ilikuwa mojawapo. Hakuwa na namna ya kujua kwamba kila wingu ni galaksi nzima yenye mabilioni ya nyota, wala kwamba msongamano ule ni kundi la kweli lililofungwa na uvutano wake lenyewe. Leo tunahesabu humo galaksi zaidi ya 1,300, nyingi zikiwa ndogo sana, kwa umbali wa miaka nuru milioni 54 hivi (mwaka nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Hilo ndilo kundi kubwa la galaksi lililo karibu nasi kuliko mengine yote ya ukubwa wake.

Hata hivyo, ukijumlisha nyota za galaksi zote hizo utakuwa umepata sehemu ndogo tu ya kundi. Kati ya galaksi na galaksi kumejaa gesi yenye joto la nyuzi milioni 20 hadi 30, nyepesi kupita ombwe lolote tunaloweza kulitengeneza maabara, lakini imeenea mahali papana mno kiasi kwamba masi yake inazishinda nyota zote. Gesi hiyo nayo ni kidogo mbele ya maada ya giza, ambayo haitoi nuru ya aina yoyote ila tunaujua uwepo wake kwa mvuto wake. Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi California, aliiona dalili yake mwaka 1933 alipochunguza kundi jingine, lile la Coma: galaksi zake zilikwenda mbio kiasi kwamba mvuto wa nyota peke yake usingeweza kuzizuia zisitawanyike. Katika kundi kama la Mashuke, maada ya giza ni zaidi ya asilimia 80 ya masi yote.

Kwa hiyo tunaposema kitovu cha kundi, tunamaanisha mahali ambapo uvutano wa vitu vyote hivyo kwa pamoja una kina kirefu zaidi. Gesi ya moto hutusaidia kupaona, kwa kuwa hujikusanya na kung'aa zaidi hapohapo. Setilaiti ya ROSAT, iliyorushwa mwaka 1990, ilichora ramani ya eksirei ya eneo zima la Mashuke, na kilele cha mng'ao kiliangukia juu ya M87.

Sasa kuna jambo ambalo ningependa sana ulitumie darasani. M87 siyo galaksi inayong'aa kuliko zote za Mashuke. Nafasi hiyo imeshikwa na M49, galaksi nyingine ya umbo la duaradufu, iliyoko digrii nne na ushee kusini mwa M87. Kama wingi wa nyota ndio ungeamua nani akae katikati, basi M49 ndiyo ingekuwa pale. Lakini haipo. M49 ina kikundi chake cha galaksi na gesi yake kiasi, na kikundi hicho kinaelekea kuungana na kile kikubwa. Waulize wanafunzi: kwa nini basi M87 ndiyo imeshika kitovu? Kwa sababu kitovu huamuliwa na maada ya giza. Galaksi iliyojikuta tangu zamani ndani ya lundo kubwa zaidi la maada hiyo ndiyo inayorithi nafasi, na wingi wa nyota huja kama faida ya urithi huo.

Faida hiyo huja vipi? Hapa nasahihisha dhana moja iliyoenea, kwamba M87 imekaa katikati ikimeza kila galaksi inayopita. Galaksi za Mashuke hukimbia kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, nyingine zaidi ya 1,000, zikilinganishwa na M87. Galaksi mbili zikipishana kwa kasi hiyo hazishikani. Hutikisana, hunyang'anyana nyota za pembeni, kisha kila moja huenda zake. Ili ziungane ni lazima zikutane polepole, kwa kasi inayokaribiana na ile ya nyota zinazotembea ndani yake. Hali kama hiyo ilikuwepo enzi za kale, wakati Mashuke halijawa kundi bali vikundi vidogovidogo, kila kimoja na galaksi chache zenye mwendo wa taratibu. Moyo wa M87 ulijengwa wakati huo. Nyota zake nyingi zina umri wa zaidi ya miaka bilioni 10, yaani zilikuwepo zamani kabla ya Jua letu kuzaliwa.

Baada ya hapo ukuaji ulihamia pembezoni. Mwaka 1943 Subrahmanyan Chandrasekhar alionyesha kwamba mwili mzito unapopita katikati ya halaiki ya miili midogo huikusanya nyuma yake, na mkusanyiko huo huuvuta kwa nyuma na kuupunguzia mwendo. Galaksi nzito inayoingia kwenye kundi hupatwa na hali hiyohiyo: mwendo hupungua, njia yake husogea ndani kila mzunguko, na mwishowe huishia kitovuni. Hiyo ni kazi ya mabilioni ya miaka. Zile nyepesi hazisumbuliwi sana na msuguano wa namna hiyo, ila zikipita karibu mno na M87 upande wao wa karibu huvutwa kwa nguvu kuliko upande wa mbali, hivyo huraruka, na nyota zake hubaki zikizunguka kwenye ukungu mpana wa nuru ulioizunguka M87. Ukungu huo umefuatiliwa hadi umbali wa takriban miaka nuru nusu milioni kutoka kitovuni, ilhali sehemu angavu ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, ina upana wa kama miaka nuru 100,000 tu.

Ushahidi wa haya upo wa namna mbili, na mimi naupenda zaidi wa pili. Wa kwanza ni mafungu ya nyota yenye umbo la tufe, yale makusanyiko ya nyota laki kadhaa zilizobanana. Njia Nyeupe ina 150 na ushee. M87 ina karibu 12,000. Hazina hiyo isingeweza kutoka kwenye galaksi moja. Mafungu mengi kati ya hayo yana upungufu wa elementi nzito kama chuma, nayo ni tabia ya nyota zilizozaliwa katika galaksi ndogo, kwa hiyo tunayasoma kama mali iliyoletwa na galaksi ambazo zenyewe hazipo tena.

Wa pili ulitangazwa mwaka 2015. Nyota ya ukubwa wa Jua inapokaribia kufa huvua tabaka zake za nje, na gesi hiyo hung'aa kwa rangi moja ya kijani inayotokana na oksijeni. Kwa kuwa rangi ni moja, mwendo wa kila nyota inayokufa unaweza kupimwa hata kutoka umbali wa Mashuke. Watafiti waliotumia darubini kubwa za Ulaya zilizoko Chile walipima mwendo wa karibu nyota 300 za aina hiyo kwenye pembezoni mwa M87, wakagundua kwamba baadhi yake zinatembea kwa mpangilio wa pamoja usiolingana na zilizobaki. Hizo ni masalia ya galaksi ya ukubwa wa kati iliyomezwa ndani ya miaka bilioni moja iliyopita. Kwa macho huioni, kwani nuru yake imeshachanganyika na ya mwenyeji wake, lakini mwendo wa nyota zake bado unakumbuka zilikotoka. Kwangu hilo ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyowahi kupimwa angani.

Nije kwa mwanafunzi wa pili na mikono yake. Mikono huhitaji vitu viwili: sahani bapa ya nyota zinazozunguka kwa upande mmoja, na gesi baridi ya kuzaa nyota mpya za buluu zinazoichora mikono hiyo ionekane. M87 haina hata kimoja. Ndugu wawili, Alar na Jüri Toomre, walionyesha kwa hesabu za kompyuta mwaka 1972 jinsi galaksi zinavyoharibiana umbo zinapokaribiana, na wakapendekeza kwamba galaksi mbili bapa zikiungana sahani zote mbili huvurugika. Nyota hubaki zikienda kila upande, kila moja kwa njia yake, na jumla yake huwa ni umbo la duaradufu lisilo na sahani. Edwin Hubble alizipanga galaksi hizi mwaka 1926 kuanzia E0, inayoonekana mviringo kabisa, hadi E7, iliyorefuka sana. M87 iko karibu na E0. Lakini waambie wanafunzi kwamba namba hiyo inaeleza tunavyoiona kutoka huku tuliko tu. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2023, kutoka darubini ya Keck huko Hawaii, vimeonyesha kwamba urefu, upana na kimo cha M87 vyote vinatofautiana.

Gesi baridi nayo ilikwenda wapi? Sehemu ilitumika kuzaa nyota wakati wa miungano ile ya kale. Kwa galaksi zinazoingia kwenye kundi leo kuna jambo jingine: zinapokata ile gesi ya moto kwa kasi kubwa, upepo wake huzipulizia gesi yao baridi nje. Ndani ya Mashuke tunaiona galaksi ya NGC 4522 ikivuliwa gesi namna hiyo sasa hivi, gesi hiyo ikiachwa nyuma ya sahani yake. Kwenye kundi la Fornax, ambalo M87 yake ni galaksi iitwayo NGC 1399, darubini ya redio ya MeerKAT huko Afrika Kusini imepiga picha mikia mirefu ya hidrojeni inayoning'inia upande mmoja wa galaksi kadhaa. Ndiyo maana Alan Dressler, alipolinganisha makundi 55 mwaka 1980, aliona kwamba kadiri mahali palivyosongamana ndivyo galaksi za duaradufu zinavyoongezeka na zile za mikono zinavyopungua. Njia Nyeupe imebaki na mikono kwa kuwa inaishi mahali penye nafasi, na majirani wachache.

Bado kuna fumbo, na hapo ndipo picha waliyoiona wanafunzi wako inapoingia. Gesi ya moto hupoteza nishati kwa kutoa eksirei. Karibu na M87, ambako imebanana zaidi, ingepaswa kupoa ndani ya muda usiofika miaka bilioni moja, ikadondoka kitovuni na kuzaa nyota kwa wingi. M87 ingekuwa leo inawaka buluu kwa nyota changa. Sivyo ilivyo, kwa hiyo kuna kitu kinaipasha gesi hiyo moto tena na tena.

Kitu hicho kilionekana kabla hakijaeleweka. Mwaka 1918 Heber Curtis wa kituo cha Lick, California, aliandika kuhusu mstari wa ajabu ulionyooka ukitokea katikati ya M87. Ni mchirizi wa chembe zenye kasi inayokaribia ya nuru, na tunauona kwa urefu wa miaka nuru 5,000 hivi. Mwaka 1949 John Bolton na wenzake huko Australia walitambua kwamba chanzo kikali cha mawimbi ya redio kilichojulikana kama Virgo A ndiyo galaksi hiyohiyo. Mashine inayousukuma mchirizi ni shimo jeusi lenye masi bilioni 6.5 za Jua kwa kipimo cha timu ya Event Horizon Telescope, iliyoitazama M87 Aprili 2017 kwa kuunganisha darubini za mabara mbalimbali na kutangaza picha tarehe 10 Aprili 2019. Watafiti wa Keck walipata bilioni 5.4. Kwa vyovyote ni zaidi ya mara elfu moja ya shimo jeusi la katikati ya Njia Nyeupe. Mpaka ambao nuru haiwezi kutoka ndani yake una upana wa karibu kilomita bilioni 40, kama mara nne ya upana wa njia ya sayari ya Neptuni kuzunguka Jua.

Sasa waonyeshe wanafunzi ukubwa wa tofauti. Kitu chenye upana wa mara chache tu ya njia ya Neptuni kinapuliza mapovu kwenye gesi ya kundi zima. Picha za redio zinaonyesha mapovu hayo yakifika upana wa zaidi ya miaka nuru 200,000. Setilaiti ya Chandra imeona kwenye eksirei duara la gesi iliyobanwa na wimbi la mshtuko lililosababishwa na mlipuko wa zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Gesi ikipoa, kiasi chake huangukia kwenye shimo jeusi. Shimo likipata chakula hurusha mchirizi. Mchirizi huipasha gesi, nayo huacha kuanguka. Kisha mambo huanza upya. Mchezo huu wote unategemea nafasi: shimo jeusi hilohilo likiwa kwenye galaksi iliyo peke yake, mbali na kundi, lisingekuwa na bahari ya gesi ya kulilisha wala ya kupashwa moto. Hata Afrika ina sehemu katika kulichunguza, kwa kuwa darubini za H.E.S.S. kwenye nyanda za juu za Namibia ziliripoti mwaka 2006 kwamba miali ya gama ya M87 hubadilika ndani ya siku chache tu, jambo linalomaanisha kwamba inatoka mahali padogo sana.

Usiwaache wanafunzi wakidhani kwamba kundi hili limekwisha kutulia. Galaksi ya M86 iliyo jirani inatujia kwa zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde, ilhali M87 inatukimbia kwa karibu 1,300. Tofauti hiyo ya kilomita 1,500 kwa sekunde ni mwendo wa M86 na kikundi chake kikitumbukia ndani ya Mashuke. Tena ukitafuta katikati kwa kuhesabu galaksi badala ya kuangalia gesi, hupati M87 yenyewe; unapata mahali palipoegemea upande wa M86. Kundi la Coma lina majitu mawili katikati, NGC 4889 na NGC 4874, na huo ni mfano mzuri wa kundi ambalo nafasi ya kitovu haijampata mwenyewe mmoja.

La mwisho ni darubini yenu. Ndiyo, sentimita 20 zinatosha vizuri, na Kigoma mmebahatika: M87 hupita digrii 17 tu kaskazini mwa utosi wenu. Subirini mvua ziishe. Mwanzoni mwa Juni inafika juu kabisa mnamo saa 2 na nusu usiku, muda ambao hata wanafunzi wa kutwa wanaweza kubaki wakiruhusiwa na wazazi. Chagueni usiku usio na Mwezi, mzime taa za uwanjani. Tafuteni Denebola, nyota ya mkiani mwa kundinyota la Simba, na Vindemiatrix, nyota ya kundinyota la Mashuke, kisha elekezeni darubini katikati ya nyota hizo mbili kwa ukuzaji mdogo, mara 50 hivi. Mtaona kwanza mawingu mawili madogo pamoja, M84 na M86. Sogezeni darubini mashariki na kusini kidogo, digrii moja na robo, na wingu la mviringo lenye kitovu angavu litakaloingia ndilo M87. Mkishaliona, ongezeni ukuzaji hadi mara 100. Mchirizi wa Curtis hamtauona kwa macho kwenye kioo hicho, hivyo msiwaahidi wanafunzi. Badala yake mpeni kila mmoja penseli na karatasi achore mawingu yote anayoyaona kuanzia M84 hadi M87, halafu kesho yake mlinganishe michoro hiyo na ramani ya kundi.